Pete za Mgomba, Miche ya Sabuni

Mwanza, 7 Machi 1937

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo, Baba. Shikamoo pia kwa Mama, ambaye najua atasomewa. Natumaini goti lako limepata nafuu na mvua imewakumbuka huko. Mimi sijambo, ila nina kikohozi cha vumbi la stoo, nacho si ugonjwa wa kumtia Mama wasiwasi.

Hii ni barua yangu ya tatu na bado sijapata jibu. Sikulaumu. Najua ulikuwa umeshawatangazia watu wa parokia nzima kwamba mtoto wa Ishengoma atasoma Misa yake ya kwanza mbele yao, na badala yake nimetoka seminari, niko Mwanza nauza sabuni. Lakini leo nina shida, na mtu anayeweza kunisaidia ni wewe peke yako. Vumilia usome mpaka mwisho.

Tajiri wangu ni Bwana Ishwarlal, mwenye duka la jumla karibu na bandari. Anauza sabuni ya mche inayotengenezwa Kisumu na mwenzake, Bwana Shiraz. Kazi yangu ni kuipeleka sabuni hiyo minadani, Kisesa na Buhongwa, na kuvuka nayo mpaka Nansio kule Ukerewe, kisha kuwaeleza matajiri soko gani linanunua vipi. Mwezi uliopita Bwana Shiraz alikuja kusikiliza, maana yeye ndiye anayeamua sabuni yake iende wapi.

Baba, nilisimama nikasoma kama tulivyofundishwa kusoma litania. Kila soko, kila siku, kila idadi, kwa sauti moja, bila kuruka hata kimoja. Nilipofika katikati nikajikuta nanyamaza kidogo baada ya kila namba, nikingoja mtu aitikie "utuombee". Hakuna aliyeitikia. Bwana Shiraz alikuwa amelala na miwani yake mkononi. Alipoamka aliuliza soko lipi limeuza kidogo kuliko yote mwaka mzima, akaambiwa Nansio, akasema lifungwe.

Mimi niliajiriwa kwa ajili ya Nansio. Likifungwa, kazi yangu nayo imekwisha. Bwana Ishwarlal amemwomba mwenzake asubiri mpaka atakaporudi Agosti, nami nimepewa nafasi ya kueleza tena. Najua Nansio si soko bovu. Nimewaona kwa macho yangu wanawake wakigombania mche wa mwisho. Ninachoshindwa ni kumwonyesha mtu ambaye hajafika kule.

Ndipo nikakumbuka miti yako pale uwanja wa mpira wa misheni. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka kwamba hakuna mtu aliyewahi kukuuliza mchezo umefikaje. Ulikuwa unafanyaje?

Ni mimi mwanao,
Cleophace


Kanyigo, 2 Mei 1937

Kwa Cleophace,

Salamu. Sisi hatujambo. Goti linauma wakati wa mvua, na mvua ipo. Barua zako zote tatu zimefika, usidhani posta imezipoteza. Sikuwa na la kusema, na mtu asiye na la kusema haandiki.

Mambo ya sabuni siyajui na sitaki kujifanya nayajua. Hukupelekwa seminari miaka yote ile ili ujifunze kupima povu. Padri hukutana nami kila Jumapili mlangoni pa kanisa akaniuliza habari zako, nami humjibu kwamba uko Mwanza. Hapo huwa nakumbuka kwamba nimemwacha mbuzi wangu bila mtu wa kumwangalia, naondoka.

Lakini umeuliza habari ya miti, na hilo ni jambo langu, kwa hiyo nitakujibu.

Ilikuwa miti miwili mirefu, imesimamishwa kwenye ardhi iliyo sawa. Wetu ulifungwa kitambaa chekundu juu, wa wageni kitambaa cheupe. Usisahau kitambaa hata siku moja, maana mti usio na kitambaa ni kuni tu. Pete nilizisuka mwenyewe kwa magamba makavu ya mgomba, na timu ikifunga bao nilipandisha pete moja kwenye mti wake, juu ya zilizotangulia. Sikutangaza, sikupiga filimbi. Watu waliokuwa wamechelewa shambani walifika pale juu ya kilima, wakatupa jicho mara moja, wakajua washangilie au wanune. Hiyo ndiyo kazi ya mti. Anayechelewa asiwe na haja ya kuuliza.

Wewe umemwimbia Mhindi wa watu mwaka mzima kwa mdomo. Hata mimi ningelala, na mimi nimezoea litania.

Mama yako anakusalimu. Anasema ule vizuri, na kikohozi chako kinamtia wasiwasi hata kama umemkataza. Ukishindwa huko, kibanja kipo na migomba haina kinyongo na mtu.

Ishengoma


Mwanza, 23 Mei 1937

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo, Baba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama bandarini, nikaisoma tena nilipofika nyumbani. Mwambie Mama kikohozi kimekwisha. Habari za goti nimezipata, nami nimemwomba Bwana Ishwarlal dawa ya kuchua ambayo mama yake, Bibi Champaben, huichemsha mwenyewe. Nitaituma kwa meli. Inanuka, lakini wazee wa hapa wanaisifu.

Nikaona kabla sijaileta miti yako dukani niijaribu kwanza mahali pake. Hapa Jumapili kunachezwa mpira kwenye uwanja wa nyuma ya maghala ya pamba, na watu hawana mabishano mengine isipokuwa haya: nani mfungaji mkali, Chenge au Odeta. Chenge ni kuli wa bandarini, Msukuma, mwenye miguu mifupi na mashuti ya kutisha. Odeta ni Mjaluo, anatia makaa melini. Wote wawili ni timu moja, na timu hiyo nusura ivunjike kwa ajili ya mabishano hayo.

Basi nikasimamisha miti miwili, mmoja wa kila mtu, kila mmoja na kitambaa chake kama ulivyoagiza. Nikapandisha pete kwa kila bao tangu Krismasi. Pete za Chenge zikapanda juu kuliko za Odeta. Makuli wakashangilia, wakamzungusha Chenge mabegani. Lakini watu wa melini walikasirika kweli. Mpishi wao, mzee mmoja anaitwa Ngosha, alinijia akaniambia nimewatukana mbele ya mji, na kwamba miti yangu inasema uongo.

Nimehesabu tena, Baba. Pete ziko sawa, haikuzidi wala kupungua hata moja. Nimekosea wapi?

Mwanao,
Cleophace


Kanyigo, 13 Juni 1937

Kwa Cleophace,

Salamu. Hatujambo. Dawa imefika. Mama yako ameiweka nje ya nyumba kwa ajili ya harufu, nami inanibidi nitoke nje kwenda kuchuliwa. Inasaidia. Mpe huyo bibi shukrani zangu.

Nimecheka, jambo ambalo sikulitarajia.

Mti wako hausemi uongo. Umejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Watu wanabishana nani mkali zaidi, wewe umewaonyesha nani alikuwepo zaidi. Huyo Chenge analala Mwanza, anacheza kila Jumapili. Mtia makaa atacheza vipi wakati yuko katikati ya ziwa? Hakukosa bao siku hizo, alikosa uwanja. Chukua siku alizocheza Odeta, uchukue siku za Chenge zilizo sawa na hizo, uwapandishie pete upya. Hapo ndipo wawili hao watakuwa wamesimama kwenye ardhi moja.

Nilishangaa mtu aliyefundishwa Kilatini kushindwa na jambo hili, mpaka Mama yako aliponikumbusha kwamba hata mimi lilinichukua muda. Sikumbuki hivyo, lakini namwachia.

Niandikie matokeo. Ninauliza kwa ajili ya Mama yako.

Mzee Ishengoma


Mwanza, 18 Julai 1937

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo, Baba, na shikamoo Mama. Mwambie Mama matokeo ni kwamba Odeta anamzidi Chenge, na hamzidi kidogo. Nilipandisha pete mbele ya kila mtu Jumapili iliyopita. Chenge mwenyewe aliutazama mti wa mwenzake kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe nimekuwa nikimshinda kwa sababu hayupo," akaenda kumshika mkono. Mzee Ngosha amenitumia samaki.

Lakini Baba, usiku ule sikufikiria mpira tena, nilifikiria Nansio. Nansio ni Odeta! Kisesa nafika kila wiki, na Buhongwa vilevile, lakini Nansio mashua yetu inavuka mara moja tu kwa mwezi. Ukijumlisha mwaka mzima, Nansio lazima liwe la mwisho, kama ambavyo mtia makaa lazima awe nyuma ya mtu anayelala nyuma ya uwanja. Nami nilisimama mbele ya matajiri nikasoma mwaka mzima, nikalihukumu soko langu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sasa sitasoma kitu. Nitapanga sabuni yenyewe sakafuni dukani, mche juu ya mche, mlundo mmoja kwa kila soko, na kila mlundo utakuwa mauzo ya siku moja ya mnada ya kawaida, si ya mwaka. Nimeshajaribu. Buhongwa unafika gotini kwangu, Kisesa kiunoni, na Nansio kifuani. Juu ya kila mlundo kuna kitambaa chenye jina la soko.

Kuna jambo moja linalonisumbua. Mahesh, mpwa wa Bwana Ishwarlal, ni rafiki yangu na anataka nibaki. Jana jioni aliuinua mlundo wa Nansio akauweka juu ya kasha tupu, akafunika kasha kwa turubai. Sasa Nansio unanipita kichwa. Anasema hakuna mtu anayetazama chini, na kwamba Bwana Shiraz ni mtu wa kupewa picha ya kumshtua, la sivyo atalala tena. Kweli unapendeza, Baba. Nikiutazama natamani uwe ndivyo ulivyo. Na kama nitashindwa mara hii, nitakuwa nimeshindwa seminari na sabuni pia, na sijui nitakuja kukutazama na uso gani.

Anafika kabla barua yako haijaweza kunifikia. Niombeeni.

Mwanao,
Cleophace


Kanyigo, 1 Agosti 1937

Kwa mwanangu Cleophace,

Barua yako imefika leo asubuhi na ninaijibu leo leo, ingawa najua itakukuta mambo yamekwisha. Sisi hatujambo.

Ondoa kasha.

Nilipokuwa nasuka pete, zote nilizipima kwa kidole gumba hiki unachokijua. Siku moja tulicheza na watu wa Uganda, tukawa nyuma, na vijana wetu wakanisihi nisuke pete zetu nene kidogo ili mti wetu usionekane mfupi mbele ya Padri. Nilikataa, wakaninunia mpaka Pasaka. Mchezo ulipokwisha, mwalimu wa wale wageni alikuja kwenye miti, akashika pete yetu kwa mkono mmoja na yao kwa mkono mwingine, akazipima hapo hapo. Kisha akanipa mkono. Tangu siku ile watu walikuja kucheza nasi kutoka mbali, kwa sababu walijua kwetu mti ni mti.

Mlundo unaofika kifuani kwa haki unatosha. Na kama hautoshi, njoo nyumbani ukiwa na kifua hicho hicho, nami nitakutazama.

Baba


Kanyigo, 12 Septemba 1937

Kwa mwanangu Cleophace,

Habari za siku nyingi. Sisi wazima. Meli mbili zimekuja bila barua yako. Ile ya kwanza nilikuwa na shughuli zangu Bukoba, nikapitia gatini. Ya pili sikuwa na shughuli yoyote, nilikwenda tu, na Mama yako ananicheka.

Najua sasa ulivyojisikia ulipokuwa ukiniandikia bila jibu. Ni adhabu ninayostahili, lakini mwenzangu katika adhabu hii ni Mama yako, ambaye hakukosa kitu.

Kama umeshindwa, andika umeshindwa. Mstari mmoja tu. Nimeshapalilia upande wa juu wa kibanja, kule unakokupenda. Sikupalilia kwa kusudi lolote, palikuwa na magugu.

Baba


Nansio, Ukerewe, 10 Oktoba 1937

Kwa Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Mnisamehe kimya hiki. Nimekuwa kisiwani tangu katikati ya Agosti, na barua zenu, zilizokuwa zimelala dukani Mwanza, zimenifuata jana, zote mbili kwa pamoja. Ya kasha nimeisoma na kucheka peke yangu mpaka jirani akatoka kunitazama. Baba, kasha nililiondoa. Asubuhi ile nilifika dukani mapema nikakukumbuka ukipima pete kwa kidole gumba, ukiwa umetoa ulimi kidogo kama unavyofanya, nikaupangua mlundo wote na kuupanga upya sakafuni. Mahesh alinuna kwa saa nzima.

Bwana Shiraz alichelewa. Tulikuwa tumemngoja mpaka Bwana Ishwarlal akaanza kuagiza chai. Akatokea mlangoni na vumbi lake la safari, na kabla hajasalimia mtu macho yake yalikwenda kwenye milundo. Akauliza, "Huo mrefu ndio wa Nansio nililosema lifungwe?" Nilikuwa sijafungua mdomo.

Nikamweleza kwa maneno machache kwamba kila mlundo ni siku moja ya mnada. Hakukaa. Aliuzunguka mlundo wa Nansio kwa nyuma, akainama, akapitisha mkono chini kabisa pale sabuni inapogusa sakafu. Ametengeneza sabuni maisha yake yote, anajua makasha matupu huwekwa wapi. Alipoinuka alimtazama Mahesh, si mimi, na Mahesh akaanza kufuta mezani pasipo na uchafu.

Lakini usidhani alikubali pale pale. Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: je, si kwamba watu wa Nansio wananunua siku moja sabuni ya mwezi mzima kwa sababu wanajua hatutarudi karibuni? Baba, nilimwambia wazi kwamba sijui. Nikamwambia ninachojua ni kwamba sabuni inakwisha kabla ya adhuhuri, na mitumbwi inayokuja kutoka visiwa vya mbali inarudi mitupu. Njia ya kujua ni kumpa Odeta siku nyingi zaidi za kucheza. Ilibidi nimweleze Odeta ni nani. Alisikiliza mpaka mwisho, hakusinzia. Kisha akasema mashua ivuke mara mbili kwa mwezi, nami nikae hapa nione kama mlundo utapungua nusu.

Ndiyo maana sikuandika. Niliogopa kuandika kabla sijajua.

Haukupungua nusu. Mnada wa katikati ya mwezi umefika kifuani, umepungua upana wa vidole tu. Wa mwisho wa mwezi vilevile. Wiki iliyopita Bwana Shiraz mwenyewe amevuka kuja kuona, na safari hii milundo niliipanga nje sokoni, chini juu ya jamvi moja, wenyeji wakakusanyika kama kwenye mpira. Amenipa duka la Nansio niliendeshe mimi, na masoko yote ya visiwani nitamweleza mimi, kwa njia hii hii. Jina lako limetajwa, Baba. Aliniuliza nimejifunza wapi, nikamwambia kwa baba yangu, aliyekuwa mtunza mabao.

Bado ni sabuni. Najua si altare. Lakini nafanya kazi ambayo nikiifanya nakuona wewe.

Mtoto wenu,
Cleophace


Kanyigo, 7 Novemba 1937

Kwa mwanangu mpendwa Cleophace,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mama yako mzima, anaimba ovyo tangu barua ifike. Goti langu halijambo, nadhani kwa dawa ya yule bibi, Mama yako anadhani kwa sababu nyingine.

Jumapili baada ya Misa Padri alinikuta mlangoni kama kawaida, akaniuliza habari zako. Safari hii sikumkumbuka mbuzi. Nilimwambia kwa sauti, na watu wote wakiwa wanatoka, kwamba mwanangu anauza sabuni Nansio, na kwamba anaiuza vizuri kuliko mtu yeyote kwenye ziwa hili. Hilo la mwisho hukuliandika, nimeliongeza mimi, nawe usinisahihishe. Akataka kujua zaidi. Nikatuma ndizi ziletwe kutoka nyumbani kwangu, nikampangia milundo pale pale uani mwa kanisa, siku moja ya mnada kwa kila soko. Alielewa mara moja. Sasa anataka shule zake za vijijini zipangwe hivyo hivyo, maana kumbe alikuwa akiilaumu shule ya milimani ambayo mwalimu wake anafika mara moja tu kwa wiki.

Nimekutumia kwa meli hii kikapu cha kahawa ya kutafuna, aliyoichemsha Mama yako. Mtu akiingia dukani kwako umpe punje mbili kabla hujamwuliza anataka nini. Hata kama hawaijui huko, watajua wamefika kwa watu.

Jambo la mwisho. Nimekata mti mpya, nimeusimamisha mbele ya nyumba, upande wa barabara, mahali ambapo kila anayekwenda gulioni lazima aupite. Ni mti wako. Kila unaponiandikia kwamba mnada umekwenda vizuri, napandisha pete, na zote nazipima kwa kidole kile kile.

Sikuufunga kitambaa. Ndiyo, nakumbuka nilivyokuagiza, na wewe ukiweka milundo yako usithubutu kuniiga. Lakini huu nimeuacha wazi kwa makusudi. Wapita njia wanasimama, wanautazama, hawaelewi, wanalazimika kuingia uani kuniuliza ni mti wa nani.

Nami huwaambia.

Baba yako